Dakika Moja ya Ngazi

Mechi ya mpira wa kikapu ilianza alasiri ya Jumamosi, na ukumbi ulikuwa na joto kwa sababu mapangaboi ya upande wa benchi yalikuwa mabovu tangu msimu uliopita. Mchezaji aliyeitwa Ngazi alikaa mwisho wa benchi, mahali pake pa siku zote, taulo begani, magoti yamepanda karibu na kidevu, kwa maana benchi lile lilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kimo cha kawaida. Katika robo ya tatu aliinama kidogo, kama mtu anayetafuta kamba ya kiatu, akafa. Kisha akarudi nyuma akaegemea ukuta. Mwenzake aliyekuwa kando yake alimwambia asogee, na alipoona hajibu, akasogea yeye. Timu ilishinda.

Baada ya mechi, wenzake walipokuwa wakivua viatu, daktari wa timu aliitwa. Alimshika Ngazi kifundo cha mkono, akasubiri, akamwachia.

"Hana mapigo," alisema.

"Tangu lini?" meneja akauliza.

"Tangu robo ya tatu, nadhani."

"Kwa hiyo mechi aliimaliza?"

"Aliimaliza. Amekaa."

"Basi vizuri," meneja alisema. "Jumamosi ijayo tuko ugenini."

Walimwacha pale wakisubiri gari la chumba cha maiti. Gari lilichelewa siku kadhaa, na lilipofika, mhudumu wake aliinama akamnusa Ngazi nyuma ya sikio, akamkunja vidole, akamfungua kope. Vidole vilikuwa laini. Ngozi ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka mvuani. Nzi walikuwepo ukumbini, tena wengi, ila walimpita wakaenda kwenye maganda ya machungwa.

"Mimi kazi yangu ni watu wanaooza," mhudumu alisema. "Huyu alikuwa anacheza namba gani?"

"Senta. Wa akiba."

"Ahaa. Sasa mmeniitia nini? Akiba haiozi."

Akaondoka na machela yake tupu. Nahodha alicheka, na wengine wakacheka kwa kuwa nahodha amecheka, kisha wakaenda mazoezini.

Maneno hayo Ngazi alikuwa ameyasikia maisha yake yote. Timu ya reli ilipomchukua, bado kijana, kwa sababu ya urefu wake tu, meneja wa huko alimpiga mgongoni, akiufikia kwa shida, akamwambia, "Usijali kukaa nje, kijana. Akiba haiozi." Timu ya benki walimwambia hivyohivyo. Timu ya magereza pia, na timu ya kiwanda cha saruji, ambako kila alichokivaa kiligeuka kijivu na hakikutakata tena. Alihama na begi moja lililoharibika zipu, akilifunga kwa kamba za raba kuukuu. Kila chumba alichopewa, kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa kigoda cha kuwekea miguu, maana hakuna kitanda kilichowahi kumtosha. Kama hakuna kigoda, alipindua ndoo.

Hakuwa mchezaji mbaya. Senta wa kwanza alipoteguka kifundo, Ngazi aliingia, akacheza, na watazamaji wakaulizana alikuwa wapi siku zote. Kifundo kikapona, akarudi mwisho wa benchi. Huko aliwafundisha vijana mahali pa kuweka kiwiko, na namna ya kusikiliza mpira unapogonga ubao ili ujue utaangukia wapi kabla haujaanguka. Vijana hao walipanda. Wengine walipanda mpaka nchi za mbali, wakawa wanaonekana kwenye televisheni za vinyozi.

"Ndiyo kazi ya ngazi," alimwambia dada yake. "Watu wapande. Wewe umewahi kuiona ngazi imepanda juu ya nyumba?"

"Nimeiona imesahauliwa mvuani," dada yake akajibu.

Huyo dada, mkubwa wake, alikuwa mshonaji. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea, na ulezi wenyewe ulikuwa hasa kazi ya kurefusha. Kila mwaka aliongeza kipande cha kitambaa kwenye pindo la suruali za mdogo wake, cha rangi yoyote iliyopatikana, mpaka majirani wakawa wanasema ukitaka kujua umri wa mtoto yule hesabu viraka vya chini. Vipimo vyake alivijua kwa kichwa. Alivijua kuliko vyake mwenyewe.

Kabla ya ule msimu kuanza, Ngazi alikuwa nyumbani. Aliketi mlangoni pa chumba cha kushonea, miguu yake ikafika uani, akasema kifua hakimpi raha.

"Moyo unadunda kama mpira uliopungua upepo," alisema. "Unaupiga chini, haurudi vizuri."

"Daktari wenu umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Kasema, 'Wewe si unakaa benchi? Benchi ndiyo dawa yenyewe.'" Akacheka, kisha akakohoa. "Jamaa ana maneno yule."

"Usirudi huko, mdogo wangu."

"Nisiporudi watasema nimetoroka, dada. Mtu wa kuhamahama akishaitwa mtoro, nani atamchukua tena?"

Akarudi. Nahodha ndiye aliyempigia dada simu baadaye. Alisema pole, akasema Ngazi amefariki, akasema pia kwamba yuko salama na Jumamosi atakuwa kwenye kikosi.

Dada alilia kwanza, siku nzima. Kisha akaenda kwa mchimba makaburi, akamwonyesha mahali kando ya kaburi la mama yao. Mzee yule alimuuliza mtu wake ana urefu gani. Dada akatoa utepe wa kushonea na kumpimia chini, akauhamisha utepe, akaendelea kupima.

"Mama, hili ni kaburi au mfereji?" mzee akauliza.

"Ni mdogo wangu."

"Haya. Samahani."

Akachimba. Dada akapanda basi kwenda kumchukua maiti wake.

Ofisi ya meneja ilikuwa chini ya majukwaa, yenye kombe kabatini na feni ya mezani iliyoelekezwa kwa meneja peke yake. Meneja alimkaribisha kwa heshima zote, akampa kiti na maji.

"Nimekuja kumchukua mdogo wangu," dada alisema.

"Umchukue uende naye wapi, dada yangu? Msimu ndio kwanza umeanza."

"Nikamzike."

Meneja alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikitika kwa niaba ya mwingine. Alieleza kuwa jina likishaandikwa kwenye ligi halifutwi mpaka msimu uishe, na timu yenye pengo benchini inanyang'anywa pointi. Ngazi alikuwa hodari wa kujaza pengo. Hakuwa amekosa mechi hata moja.

"Lakini amekufa."

"Hilo mimi na wewe tunaelewana," meneja alisema, akapunguza sauti. "Ila nikilisema kule juu, kesho watauliza amekufaje. Wataanza daktari alisema nini, nani alimpima, kwa nini alipangwa. Daktari wetu ana watoto wadogo. Na Ngazi mwenyewe, haki ya Mungu, hajalalamika."

"Alilalamika. Kabla."

"Tangu hapo hajalalamika."

Dada aliinuka kitini. Kisha akaomba aonyeshwe alipo. Alikuwa ukumbini, mwisho wa benchi, katika jezi safi. Alikuwa amepungua kidogo mashavuni, basi. Jezi ilikuwa fupi mgongoni, kama zote alizowahi kupewa. Dada alifungua mkoba, akatoa sindano na uzi, akaishusha pindo akiwa amepiga magoti nyuma yake. Wasafishaji walifagia kumzunguka.

Hivyo ndivyo msimu ulivyokwenda. Dada alipanga chumba karibu na ukumbi, akashonea watu nguo mchana, na kila Jumamosi aliketi nyuma ya benchi. Wachezaji walimzoea Ngazi upesi kuliko walivyokuwa wamemzoea akiwa hai. Waliokuwa wakiingia uwanjani walimgusa kiganja kutafuta bahati. Waliotoka walimtundikia taulo. Safarini walimkunja kiti cha nyuma cha basi, na hotelini walimlaza kitanda kimoja na mabegi. Hata kufa hakukumzuia kuhama, kwani katikati ya msimu timu nyingine ilipougua mafua ilimwazima, na Ngazi akaenda huko akakaa vizuri, akarudishwa akiwa na raba zisizo zake.

Dada alipata simu kutoka nyumbani kila mvua iliponyesha.

"Limejaa tena," mchimba makaburi alisema. "Nimeweka mabati, maji yanaingia kwa pembeni. Mama, kaburi si kisima. Mtu wako anakuja au haji?"

"Hawamtoi. Wanasema ni akiba."

"Haozi?"

"Haozi."

Mzee alifikiri. Kwenye simu zilisikika kelele za kuku. "Ni kweli, akiba haiozi," alisema. "Hata mimi mahindi yangu yako darini tangu mwaka juzi, hayana neno. Lakini yale niliyoteremsha nikayapika juzi, yaliyobaki yamechacha jana. Kikishateremshwa kikatumika, mama, hicho si akiba tena."

Dada aliishika simu muda mrefu baada ya mzee kukata.

Siku iliyofuata alimngojea kocha kwenye mlango wa ukumbi. Kocha alikuwa mtu wa maneno machache aliyevaa filimbi shingoni hata sokoni.

"Muingize mdogo wangu," dada alimwambia. "Hata dakika moja."

"Aingie wapi?"

"Acheze."

Kocha alimtazama kuona kama anatania. "Dada, siwezi kuingiza maiti uwanjani."

"Kumbe ni maiti?"

"Kwangu mimi ni maiti. Kwa meneja ni mchezaji. Mimi nampanga anayekimbia."

"Basi mwambie meneja anipe maiti wangu."

"Hayo ni mambo ya ofisini," kocha alisema, "mimi ni wa uwanjani." Akapuliza filimbi ingawa hapakuwa na mtu mwingine karibu, akaingia ndani.

Dada alimwomba tena wiki iliyofuata, na tena, mbele ya wachezaji, mbele ya daktari, mpaka ikawa utani. Vijana wakimwona anakuja waliitana, "Kocha, wakala wa Ngazi huyo!" Naye alitabasamu nao, maana hawakuwa vijana wabaya, kisha akarudia ombi lake neno kwa neno.

Mechi ya mwisho wa msimu, nayo ya Jumamosi, ndiyo iliyokuwa ya kuamua nani anashuka daraja. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi za majukwaa. Waamuzi walikuwa wakali siku hiyo. Mchezaji mmoja alitolewa kwa faulo tano, akafuata wa pili, wa tatu akavunjika kidole, na senta wa kwanza akapewa faulo yake ya mwisho huku akiapa kwa jina la mama yake kuwa hakumgusa mtu. Ilikuwa imebaki dakika moja. Timu ilikuwa mbele kwa kikapu kimoja, akiba wengine walikuwa wamekwisha, na uwanjani walibaki wanne.

"Tutamaliza hivihivi," kocha alisema.

"Huwezi," mwamuzi akamwambia. "Benchi likiwa na mtu, lazima aingie. Una mtu pale."

Kocha aligeuka. Mwisho wa benchi, magoti juu, taulo begani, Ngazi alikuwa ametulia.

"Yule…" kocha alianza.

"Yupo kwenye kikosi au hayupo?"

Kocha alimtazama meneja. Meneja alitazama ubao wa matokeo, akafikiria kushuka daraja, akafikiria maswali. "Yupo," alisema.

"Yupo," dada alisema pia, nyuma ya benchi, kwa sauti ndogo.

Nahodha na mwenzake walimwinua kwa makwapa wakamburuta mpaka chini ya kikapu, wakamsimamisha. Raba zilipogusa mstari, magoti yalijifunga yenyewe na mikono ikapanda juu, viganja wazi, kiwiko mahali pake. Wakamwachia. Alisimama. Ukumbi ulimpigia makofi ya kawaida, yale anayopigiwa mchezaji anayeingia.

Senta wa timu pinzani alikuwa mmoja wa vijana wake wa zamani.

"Shikamoo, kaka Ngazi," alisema. Akasubiri kidogo, kwa mazoea, jibu ambalo halikuja.

"Msukume!" benchi lao likapiga kelele. "Msukume huyo, amekufa!"

"Huyu ndiye aliyenifundisha kusimama hapa," senta akajibu. "Msukumeni nyinyi."

Akarusha mpira kwa kuuzungusha juu ya mikono ya mwalimu wake. Haukuzunguka vya kutosha. Ulipiga kiganja cha Ngazi, ukasikika kama kofi, ukamdondokea nahodha, naye akaukumbatia tumboni mpaka king'ora kikalia. Wachezaji walirukiana shingoni. Watu walishuka majukwaani. Ngazi alibaki chini ya kikapu, mikono juu, na kwenye paji la uso wake lilitoka jasho, tone moja, likateremka mpaka kwenye nyusi.

Kisha nzi akaja akatua pembeni mwa mdomo wake.

Dada alimwona yule nzi kutoka alipokaa. Alikuwa amemngojea msimu mzima. Alifunika uso kwa kanga na mabega yakamtetemeka, na mtu aliyekuwa karibu naye, akidhani ni furaha ya ushindi, alimkumbatia.

Kabla shangwe haijaisha harufu ilikuwa imefika mstari wa pembeni. Magoti ya Ngazi yalilegea akashuka chini taratibu. Safari hii daktari alikuja mbio. Alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa ya ukutani.

"Amefariki uwanjani," alisema kwa sauti ya kusikiwa. "Saa kumi na moja kasoro. Joto, na juhudi kubwa kupita kiasi."

"Alifariki mwanzo wa msimu," dada alisema. Alikuwa ameshafika, amepiga magoti, ameshika raba zile zisizo za mdogo wake. "Pale kwenye benchi. Alikwambia kifua kinamuuma, ukamwambia benchi ndiyo dawa."

"Dada yangu," meneja alisema kwa upole, "mtu aliyekufa anazuiaje mpira? Ukumbi mzima umeona."

"Mwamuzi, wewe sema," dada alisema.

"Sheria hairuhusu marehemu kuingia uwanjani," mwamuzi alisema. "Nami nimemruhusu. Kwa hiyo alikuwa mzima."

"Na isitoshe," daktari akaongeza, akifunga mkoba wake, "nani aliyekuwa akiomba kila wiki aingizwe? Hapa kila mtu shahidi. Mimi daima nilisema apumzike."

Kocha alikuwa akitazama viatu vyake. Vijana waliokuwa wakimwita dada wakala walitazama pembeni.

"Ukitaka tubishane, tutabishana," meneja alisema. "Ni haki yako. Ila itabidi abaki hapa mpaka ubishi uishe."

Nzi sasa walikuwa wengi. Walikuwa kwenye kope na puani, wakifanya kazi yao. Dada aliwapunga, wakaruka, wakarudi. Aliufikiria ubishi, ofisi zake na korido zake na vile viti vyake vya kusubiria. Akamtazama mdogo wake, ambaye hatimaye alikuwa ameanza kuoza.

"Nipeni nimzike," alisema.

Wakampa siku hiyohiyo. Basi la timu halikupatikana kwa kuwa lilikuwa limechukuliwa kwa sherehe, hivyo dada alimsafirisha nyuma ya lori la mbao, miguu ikitokeza nje na kitambaa chekundu kimefungwa kwenye vidole, kama zinavyofungwa mbao ndefu. Mchimba makaburi alikuwa ameondoa mabati na kuteka maji kwa ndoo. Dada alikuwa amekuja na kigoda. Ngazi alishushwa, akalala amenyooka mwanzo mpaka mwisho, na nafasi ya kiganja ikabaki miguuni. Dada akarudi nyumbani na kigoda chake.

Timu ilituma ubao mzuri wa mbao ngumu, wenye maandishi ya kuchonga: *Alifia uwanjani akiitumikia timu yake.* Chini yake ilikuwa tarehe ya mechi ya mwisho. Dada aliusimamisha, maana hakuwa na mwingine. Nahodha hupiga simu mara mojamoja kumjulia hali. Alimwambia wamesajili senta mpya wa akiba, mrefu, mtulivu, anayelalamika kizunguzungu. Daktari amemwambia akae tu, benchi ndiyo dawa.

Mvua zilipokwisha, dada alikwenda kaburini na utepe wa kushonea, akapima kimo cha tuta. Lilikuwa limeshuka. Mchimba makaburi alisema makaburi yote hushuka, ni mtu anaisha kule chini, na dada akasema ndiyo, anajua, ndiyo maana amekuja kupima. Wakakaa kidogo wakazungumza habari za mahindi.

Watu wakimuuliza mdogo wake alifariki lini, husema ilikuwa Jumamosi. Hapo hakuna anayembishia.